Kiti cha Mama Mkwe Nilichokipima kwa Macho

Chekeni tu, jamani, mimi nimeshazoea. Huko Kabuchai kuna watu ambao hadi leo hawalitaji jina langu, wanasema tu "yule aliyemkumbatia mama mkwe kanisani."

Nafanya kazi Kitale, kwenye karakana ya viti vya magurudumu, nina digrii na wasiwasi, sijui kipi kilitangulia. Mamake Nafula, msichana ninayetaka kumwoa, alikuwa na kiti kizito, kipana, kilichommaliza mabega hata usiku hapati usingizi. Nikajitolea kumtengenezea kingine. Shida ni kwamba sisi Wabukusu mama mkwe hata mkono humpi, na kiti lazima upime nyonga kwa tepu. Ningemtuma mwenzangu Chebet, yeye ni mwanamke, kazi ingeisha mara moja. Lakini nikawaza, Chebet ataniuliza kwa nini, nitamweleza, atacheka, atawaambia wengine, wataona sifai (mimi huwaza hivi hata nikinunua mandazi). Basi nikampima kwa macho, nikiwa mlangoni, asubuhi ya baridi, naye amevaa sweta mbili na leso kiunoni.

Jumapili ya kumkabidhi, baada ya ibada, ukoo wote ulijaa nje ya kanisa. Mama akaketi. Kiti kilikuwa kipana mno, ikabidi atanue viwiko kama kuku anayefunika vifaranga ndipo afikie magurudumu, na kila akisukuma anakunja uso.

"Wanjala, hiki ni kiti ama ni kitanda?" shangazi yake Nafula akauliza. "Si hata mimi nikae hapo kando!"

Watu wakaangua kicheko. Nafula hakucheka. Nikaona mabega yanaharibika na harusi inaniponyoka, nikasema ngoja nisogeze magurudumu mbele kidogo, angalau asinyooshe mikono nyuma. Sasa, kanuni ya kazi yetu ni kumtoa mtu kitini kwanza. Lakini ningeanzaje kusema abebwe? Nikapiga magoti na spana, macho nikiyaelekeza mawinguni kwa heshima, nikachomoa gurudumu, kiti kikalala upande, na mama akanijia mzima mzima kifuani.

Mayowe!

"Mwachilie! Wanjala, mwachilie!" ukoo ukapiga kelele.

"Ebu jaribu kuniachilia uone," mama akaniambia sikioni.

Nikabaki nimemshika, simtii huyu wala wale, hadi Nafula na shangazi walipokuja kumpokea na kumkalisha kwenye benchi. Shangazi akaanza kutaja kondoo wa kuondoa aibu. Mama akamkatiza:

"Kondoo atakuja. Lakini mabega ni yangu, si yako. We kijana, tepu iko wapi? Aibu umeimaliza yote, hakuna ingine imebaki. Pima!"

Nikapima mbele ya mchungaji, jasho likinitoka, kiti kikarudi Kitale kupunguzwa.

Siku hizi anajisukuma mwenyewe hadi sokoni, viwiko vimetulia karibu na mbavu. Kondoo nimepeleka. Harusi ipo, nadhani (Nafula hanijibu haraka nikimuuliza). Nami nimeapa: jambo nisiloliweza nitalisema nikiwa bado nimesimama, kabla halijaniangukia kifuani.