Ijumaa ya Hina Kabla ya Jinja

Safari ya Jinja niliipanga mimi, na niliipanga vizuri. Sijisifu. Ingekuwa imepangwa ovyo, labda ingevunjika mapema, na mke wangu angefika hospitali kwa miguu yake mwenyewe.

Tulikuwa wanne: mimi na mke wangu, na majirani zetu, mume na mke kutoka Kenya, ambao ukuta wao umepakana na wetu hapa mtaani Kamwokya. Mume anauza vipuri vya magari, mke anashona nguo. Wao ni Wakristo. Sisi ni Wanubi, Waislamu, wajukuu wa askari walioletwa kutoka Sudan zamani za wakoloni. Kiswahili ndicho kilichotuunganisha, pamoja na chumvi na viberiti vinavyovuka ukuta. Kwa umri ni watoto wetu. Wazo la kwenda kupumzika mji mwingine, kwa gari, kila mtu na mwenziwe, bila mjukuu hata mmoja, lilikuwa lao. Mimi nililinyakua.

Kazi yangu ilikuwa kuendesha malori. Nilifika miji ambayo mke wangu aliisikia redioni tu, na kila niliporudi nilimwahidi kwamba siku moja atakaa kiti cha mbele aone. Siku hiyo sikuwahi kuileta. Kwa hiyo majirani walipotaja Jinja, niliona mlango umefunguliwa nilipe deni la maneno, na sikutaka mtu aufunge.

Tulipanga barazani kwangu, jioni baada ya jioni. Tungeondoka Jumamosi asubuhi, kwa kuwa Ijumaa nina msikiti, na kurudi Jumapili mchana, majirani wakishasali kanisa watakaloliona huko. Kwanza tungezungukia soko la Kalerwe tununue matunda, halafu tushike barabara ya mzunguko tukwepe msongamano wa katikati ya mji. Nyumba ya wageni niliichagua mimi, yenye vyumba vya juu vinavyotazama mto. Hakuna kupika, hakuna kukimbizana. Tungetembea polepole kwenye mitaa mipana, tunywe chai, tulale.

Mke wangu alisikiliza huku akichambua mchele.

"Hicho chumba cha juu, ngazi zake ni ndefu?"

"Ngazi ni ngazi. Kwa nini?"

"Nauliza tu." Akamgeukia jirani mwanamume. "Mwanangu, ukiwapigia simu, waulize kama wana mito ya ziada."

"Mama, Jinja mto ni mmoja tu, nao ni Naili!"

Tulicheka. Yeye pia alicheka, mkono kifuani, na kicheko chake kikakatika kikawa kikohozi. Mimi nilijua kwa nini anataka mito. Alikuwa ameanza kulala kama mtu aliyeketi, mgongo umeegemea ukuta, kwa sababu akijinyoosha pumzi zinamkimbia. Nilijua pia kwamba akipandisha mlima kutoka sokoni husimama mbele ya kila duka, akijifanya anatazama vitenge. Haya yote niliyaona na nikayaita uzee, jina linalomruhusu mtu asifanye lolote.

Jumatano alinifuata uani nilikokuwa naosha gari.

"Haji, Ijumaa nataka niende hospitali, Mulago. Kifua hiki si changu."

"Ijumaa si ndiyo siku ya hina?"

Kwetu mwanamke hasafiri na mumewe akiwa na miguu mitupu. Siku ya kuamkia safari hukaa chini, akapakwa hina nyeusi miguuni na kwenye ncha za vidole mpaka kucha zikafunikwa, udi unafuka, na hatakiwi kushika kitu mpaka ikauke. Mwanamke akionekana safarini bila hina, watu hawamwulizi yeye. Wanamtazama mume.

"Hina inaweza kungoja," alisema.

"Na jirani? Na vyumba tulivyowekewa? Utakwenda Jumatatu, nitakupeleka mwenyewe. Safari ikiahirishwa mara moja, basi tena."

Alisimama akitazama maji ya sabuni yanavyotelemka kwenye kioo cha gari.

"Haya, Haji."

Katika ndoa yetu, "Haya, Haji" ilimaanisha mazungumzo yamekwisha. Miaka yote nilidhani inamaanisha nimeshinda.

Ijumaa nilirudi kutoka msikitini nikakuta sebule imejaa moshi wa udi. Binti wa kaka yake mke wangu ndiye aliyekuwa akipaka. Jirani mwanamke naye alikuwa amenyoosha mkono mmoja, umeshachorwa, anaupepea.

"Nikiingia nao kanisani, mchungaji atasema nimesilimu."

"Mwambie bado mkono mmoja," mke wangu akamjibu, na wakacheka. Kisha akasema, "Fungueni dirisha."

"Liko wazi, shangazi," binti akasema. Akauinua mguu wa mke wangu juu ya goti lake, akausogeza kwenye mwanga. "Mguu wako umejaa." Akabonyeza kwa kidole gumba juu ya unyayo. Alipoondoa kidole, shimo lilibaki. Wote watatu walilitazama lile shimo, nami nikalitazama kutoka mlangoni, likijaa polepole mno, kama alama ya kwato kwenye tope.

"Haji, njoo uone," jirani akaniita.

"Ni joto. Amekaa sana."

Binti alinitazama, akamtazama shangazi yake, kisha akaendelea kuchora. Ngozi ilikuwa imetutumka, inang'aa, na maua yalitokea makubwa kuliko alivyozoea kuyachora. Nilisema yamependeza. Kwa kweli yalipendeza.

Asubuhi ya Jumamosi ilikuwa safi, mvua imenyesha na vumbi limetulia. Mke wangu alikaa kiti cha mbele. Viatu vilikataa kuingia, akavaa kandambili. Majirani walikaa nyuma wakibishana ni nani anakoroma zaidi. Nilishusha vioo vyote, nikaendesha polepole kama dereva wa bibi harusi, na moyoni nilikuwa na furaha ambayo leo naiogopa nikiikumbuka.

Kalerwe niliegesha pembeni, majirani wakashuka kununua mananasi. Muuzaji mmoja alileta lake mpaka dirishani. "Nyabo, mama, nanasi tamu, onja!" Mke wangu hakugeuza kichwa. Nilidhani amenuna.

"Unaona?" nikamwambia. "Kiti cha mbele, kama nilivyosema."

"Haji. Geuza gari."

Alisema kwa sauti ndogo, bila kunitazama. Nilisikia vizuri. Sina kisingizio cha kelele za soko.

"Tukiingia barabara kubwa utapata upepo," nikamjibu.

Jirani mwanamke alikuwa amerudi. Aliingiza mkono dirishani kumpa mke wangu mfuko wa matunda, na mfuko ukamponyoka.

"Mzee, huoni? Midomo yake imekuwa majivu! Geuza!"

Sijawahi kufokewa na mtu wa umri wake. Niligeuza. Kutoka Kalerwe hadi Mulago si mbali, lakini magari yalikuwa yamesimama, na mimi niliyezijua barabara zote nilibaki napiga honi kama mjinga. Jirani mwanamume alishuka akakimbia mbele, akigonga magari ya watu kwa kiganja ili watupishe. Mke wangu alishika mkono wangu uliokuwa kwenye gia. Hakuubana. Aliuweka tu hapo.

Hospitali, muuguzi aliinua vidole vya mke wangu kutazama kucha, akaona weusi wa hina tu. Akabana kile kifaa kidogo cha kupimia hewa kwenye kidole kimoja, akahamia kingine. Namba ziliruka, hazikutulia. Akahamishia kifaa kwenye sikio.

"Nani alimpaka hivi, naye anaumwa?"

Hakuwa akigomba, aliuliza tu. Jirani mwanamke aliufunika mkono wake wenye hina kwa ule mwingine.

"Mimi," nilisema.

Moyo ulikuwa umechoka kwa muda mrefu, na maji yalikuwa yamejaa mapafuni. Daktari, kijana mpole, aliniuliza alianza lini kulala ameketi. Nilimwambia ukweli. Aliandika, hakuinua macho.

Mke wangu alirudi nyumbani. Anatembea hadi getini na kurudi. Watu wananipongeza kwamba Mungu amenirudishia mke, na mimi naitikia, lakini aliyerudi ni mtu anayejihadhari na mimi. Nikimwuliza amelalaje, anasema salama. Nikimwuliza kuhusu kifua, anasema salama. Analisema neno hilo akiwa ameshika ukuta. Zamani alinieleza mpaka ndoto zake. Sasa namsikiliza pumzi kupitia mlango, na akihisi nipo hapo hunyamaza mpaka niondoke.

Wiki iliyopita nilimkuta amevaa buibui asubuhi, si siku yake ya kliniki. Gari la majirani lilikuwa nje linanguruma, jirani mwanamke akiwa kwenye usukani.

"Mnakwenda wapi?"

"Hapa tu, Haji."

Miguu yake ilikuwa imevimba tena. Niliiona alipoinua buibui kuvuka kizingiti. Nilitaka kusema nitakupeleka mimi. Neno lilifika mdomoni, nikaona uso wake unavyojiandaa kulipokea, kama mtu anayejiandaa kwa mlango utakaobamizwa. Nikalimeza. Nikaenda kuwafungulia geti, na sikuuliza kama watarudi leo.