Mnyama Niliyemgundua Bangwe

Jamani, nichekeni tu. Miaka ile ya wakimbizi nilikuwa msaidizi wa maabara ya ziwa hapa Kigoma. Asubuhi moja, ufukweni Bangwe, nikaona vibonge vyeupe, laini, vyenye utelezi, vimebanana majini kati ya mawe. Nilishasoma habari za vijinyama laini vinavyoishi maelfu kwa maelfu vimeshikamana. Nikavizoa vyote, nikavitia kwenye chupa ya spiriti, nikampa mnyama wangu mpya jina la mke wangu, nikaliandika kwenye chupa, kisha nikamwita bosi.

Bosi akachungulia kwenye hadubini. "Mbona naona chembe za wanga tu, kama za unga?"

Mlangoni akatokea mama mmoja mkimbizi kutoka Burundi, ameshika ndoo tupu. Akaikodolea macho ile chupa.

"Mwanangu, mihogo hiyo nimeiloweka tangu juzi. Sasa wanangu watakula ugali wa spiriti?"