Miti Ambayo Bibi Hakuikata

Sauti ya bibi yangu imehifadhiwa chuoni niliposoma. Kila mwaka wanafunzi wapya wanaisikiliza, na wanamsikia mwanamke mzee wa Iguguno akikiri kwamba aliikata miti ya kisimani kwao akachomea mkaa. Hakuikata. Kosa hilo nilimtungia mimi.

Nilikuwa mwaka wa pili. Nilisomea kufundisha Kiingereza kwa watu waliokulia lugha nyingine, yaani watu kama mimi, na somo langu la pili lilikuwa mazingira. Kwenye Kiingereza tulizoezwa kutunga mazungumzo ya kufundishia: huyu anauliza, yule anajibu, sentensi fupi fupi, wakati uliopita. Kazi hiyo niliiweza mno. Kwenye mazingira tukapewa asaimenti ya likizo: nenda kwa mzee mmoja wa kwenu, muulize miti na maji vilikuwaje zamani, andika majibu yake kwa Kiingereza.

Likizo hiyo nilikaa Mandewa kwa kaka yangu. Kutoka hapo hadi kwa bibi, hata saa moja ya basi haifiki. Sikwenda. Sikuwa mgonjwa wala sikuwa na msiba. Nilikuwa naangalia mpira na kulala. Siku ya mwisho nikakaa mezani nikamtunga bibi kuanzia salamu mpaka kwaheri. Uvivu wangu, mtu akiuliza, una digrii.

Na wala sikumtunga alivyo. Bibi alivyo anajulikana kijiji kizima. Zamani watu wa mkaa walipokuja na mashoka kuifyeka migunga ya kisimani, alibeba kigoda chake akaenda kukaa chini ya mgunga mkubwa kuliko yote. Alikaa siku tatu, akipukuchua mahindi yake hapo hapo, mpaka wale watu wakachoka wakaondoka. Hadithi hiyo naijua tangu sijaota meno. Ila niliona mzee anayejuta atamgusa mhadhiri kuliko mzee aliyekaa kwenye kigoda. Basi nikamfanya akate, achome mkaa, na mwishoni alie akiwafikiria wajukuu. Nilipomaliza nilijipongeza kwa soda baridi.

Mhadhiri aliguswa kweli. Alikuwa mama mpole, hana makuu. Akaisoma kazi yangu mbele ya darasa, akasema tutakwenda na gari la chuo tukamrekodi bibi huyu, ili sauti yake itumike kwenye masomo yote mawili. Mtu mwenye haya angesema hapo hapo. Lakini aliyebuni mahojiano anafukuzwa chuo, na nilikuwa mtoto wa kwanza wa ukoo wetu kufika chuo. Nikasema, "Sawa, mwalimu, atafurahi." Nilishajipangia moyoni: bibi ataongea Kinyiramba, mimi nitatafsiri, nani atajua? Njia ya mwongo ni fupi, ndivyo wanavyosema.

Tulimkuta bibi amevaa kitenge kipya na ameazima viti kwa majirani. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwepo, na mama jirani aliyekuja kusaidia kupika. Tukatoa shikamoo zetu, bibi akaitikia, kisha akanigeukia kwa utani ule wa bibi na mjukuu.

"Mume wangu, umeniletea wageni, hata kanga huna?"

Nikamwambia kwa Kinyiramba aongee lugha yetu, nitawaelewesha. Akakataa kwa Kiswahili. "Wageni wamekuja na Kiswahili chao, mimi niwafiche maneno? Si adabu."

Mpango wangu ukaishia hapo. Mhadhiri akaweka simu yake juu ya meza, akafungua karatasi zangu. "Bibi, mjukuu wako ameandika kwamba alipokuja kukuuliza, ulimwambia mliikata miti ya kisimani, na wewe mwenyewe ulishika shoka. Ulimwambia hivyo?"

Mama jirani alicheka, akidhani ni mzaha. Alipoona hakuna mwingine anayecheka, akanyamaza. Bibi akaniangalia. Mimi nikaangalia viatu vyangu. Hata wakati ule nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja, na sikulisema.

"Ndiyo," akasema bibi. "Nilimwambia."

"Na ni kweli ulikata?"

"Nilikata. Na mkaa nilichoma."

"Bibi, wewe?" mwenyekiti akauliza.

"Mimi. Mwache mwalimu afanye kazi yake."

Mama jirani aliinuka akaenda jikoni bila kuaga. Mhadhiri alimshukuru bibi kwa ujasiri wa kusema ukweli, akamshika mkono kwa mikono miwili. Kisha tukala jogoo aliyechinjwa kwa ajili yetu, na mimi nilipewa firigisi, maana ndimi mwanaume wa nyumba. Sijui niliimezaje.

Wenzangu walipokwenda kupanda gari, bibi alinisindikiza mpaka kwenye uzio. Hakuwa na hasira, na heri angekuwa nayo. Aliniuliza kitu kimoja tu, kwa sauti ya chini.

"Siku ile uliyokuja, mume wangu, ulikula nini hapa kwangu?"

Hakuna mtu aliyewahi kufika kwa bibi akaondoka hajala, na yeye anakumbuka kila mlo. Nikapanda gari.

Chuo nilimaliza, tena vizuri. Sasa nafundisha Kiingereza shule moja ya sekondari huku huku Singida. Likizo iliyopita nilikwenda Iguguno, na njiani nikapita kisimani. Mgunga mkubwa haupo. Kimebaki kisiki, na pembeni majivu ya tanuri la mkaa. Nilimkuta bibi uani, amekaa kwenye kigoda kile kile, anapukuchua mahindi.

"Bibi, hukwenda kukaa pale?"

"Nilikwenda. Vijana wakaniambia, 'Wewe si ulikata yako ukachoma? Tuache na sisi tukate yetu.' Ningewajibu nini?"

Nikamwambia naona aibu. Nikamwambia twende sasa hivi kwa mwenyekiti, niseme yote, kwamba niliyatunga mimi na yeye hajawahi kushika shoka. Alipukuchua hindi lililokuwa mkononi mpaka likaisha.

"Ukisema, watakuacha ufundishe?"

Nikaangalia tena viatu vyangu.

"Basi," akasema, akaniwekea bakuli la maji ya kunawa. "Karibu ule."

Nikanawa. Nikakaa, nikala.