Mkaja wa Kizungu

Mama yangu aliwahurumia wanawake wa Kizungu wa zamani mpaka anaingia kaburini, na sababu ilikuwa nguo moja tu.

Kabla ya Uhuru alikuwa akimfulia mama mmoja wa Kizungu, mjane, aliyekuwa na shamba upande wa Irente, huku kwetu Lushoto. Uhuru ulipokuja, yule mama akafunga mizigo arudi kwao, akamwachia mama yangu sanduku la bati lenye nguo kuukuu za marehemu mama yake. Magauni karibu yote nondo walikuwa wameshayala. Chini kabisa kulikuwa na kitu kigumu, rangi ya maziwa yaliyolala, kina kamba mgongoni zilizopitishwa kwenye pete za shaba, na vifungo vya chuma mbele, halafu katikati kimeminywa hata unajiuliza matumbo ya mwenye nacho yalikuwa yanakaa wapi. Mama akauliza hiki ni nini. Yule mama akajishika kiuno kwa mikono miwili, akakiminya, akasema kwa Kiswahili chake cha jikoni, "Mama yangu vaa hii kila siku."

Basi mama akajua ni mkaja. Angejua nini kingine? Kwetu mwanamke akijifungua hufungwa mkaja, kitambaa kirefu kinachozungushwa tumboni na kukazwa, ili tumbo lirudi mahali pake na mgongo upate nguvu. Unaufunga siku arobaini, zikiisha unaufungua, unaendelea na shughuli zako. Sasa huyu aliufunga kila siku ya maisha yake? "Maskini wa Mungu," mama alikuwa akisema. "Hawakupumzishwa wale. Ilikuwa kuzaa tu, kuzaa tu." Nilipokuwa shule, mwalimu wetu wa sayansi kimu alitueleza kwamba kitu kile huitwa koseti, na kwamba wanawake wa Ulaya wa enzi za bibi zao walijibana kiuno kwa ajili ya urembo. Nikakimbia nyumbani kumsahihisha mama. Akaniangalia juu mpaka chini. "Urembo gani wa kukuzuia kula?"

Mwaka ninaotaka kuusimulia, kijiji chetu kilikuwa kimeshakuwa cha Ujamaa. Siku mbili kila wiki tulikwenda shamba la kijiji, na balozi wa nyumba kumi alisimama ukingoni na daftari akiita majina, mtu mmoja mmoja. Baba alikuwa na miaka minne tangu afariki. Ndugu zangu walikuwa wameshaoa na kuolewa mbali, nyumbani tumebaki mama na mimi. Na mimi nilikuwa na barua: nimechaguliwa chuo cha ualimu, kule chini kwenye joto, niripoti baada ya wiki sita. Asiyeripoti nafasi yake anapewa mwingine. Niliisoma barua ile mpaka karatasi ikaanza kukatika kwenye mikunjo.

Wiki ileile mama akateleza akishuka na mzigo wa kuni. Wanaozijua njia zetu wakati wa mvua hawatashangaa. Hakuvunjika kitu. Hospitali walimpa vidonge vya maumivu, wakasema anachohitaji ni mkanda wa mgongo, ila mkanda wenyewe hawakuwa nao, lazima uagizwe Dar es Salaam. Ukaagizwa. Dar es Salaam wakanyamaza kimya.

Mama akawa wa kutembea ameinama, macho yako chini. Ukizungumza naye, anazungumza na miguu yako. Maji nachota mimi, kuni mimi, mbuzi mimi, jikoni mimi, na siku za shamba la kijiji balozi akiita jina la mama naitikia mimi, kisha akiita langu naitikia tena, nalima sehemu mbili. Wapo waliokuwa wakinong'ona kuhusu kupe, mtu anayekula jasho la wenzake, na kupe wakati ule halikuwa neno dogo. Wiki ya tatu nikaanza kuwa na hasira. Nisiseme uongo, nilimkasirikia mama yangu mgonjwa. Nachota maji huku moyoni nasema, amka basi, mama, amka. Halafu naona aibu, halafu nachota ndoo nyingine.

Ndipo nikalikumbuka sanduku. Nilijifungia chumbani nikaivaa ile koseti mimi mwenyewe, nipate kujua inafanyaje kazi. Nikaegemea kitasa cha mlango, nikazifunga kamba kitasani, nikasogea mbele hatua moja kujikaza. Pumzi yote ikapanda kifuani ikakaa huko. Lakini mgongo ulinyooka, wacha mchezo. Nilisimama wima kiasi cha kuona vumbi juu ya kabati. Nikafurahi, nikageuka, leso yangu ikaanguka, na hapo ndipo nilipogundua kwamba siwezi kuiokota. Nilijaribu hivi, nikajaribu vile. Nikabaki nimesimama naitazama. Nikasema moyoni, ahaa, aliyeishona hii alimshonea mtu mwenye wa kumwokotea vitu. Na waokotaji wenyewe ndio akina mama yangu.

Hata hivyo fundi yule alikuwa fundi, nitamnyima vipi haki yake. Niliifumua mshono kwa mshono, nikavipanga vipande kitandani. Hakuna kilichokuwa na ukingo ulionyooka. Kila kimoja kilikatwa kwa mzunguko, hiki kinapanuka mbavuni, kile kinapanuka nyongani, na ukiviunganisha, nguo inasimama yenyewe hata bila mtu ndani. Kati ya mishono kulikuwa na vifuko vyembamba, na ndani ya kila kifuko ufito mweusi unaopinda na kurudi. Nilidhani ni pembe ya ng'ombe. Nikachoma ncha ya mmoja jikoni, ukatoa harufu ya nywele. Baadaye sana nikiwa mwalimu ndipo niliposoma kwamba vitu vile vilitoka kinywani mwa nyangumi. Fikiria, nyangumi mpaka Lushoto.

Kitambaa cha kutosha sikuwa nacho. Dukani unga wenyewe wa foleni, itakuwa kitambaa kigumu? Nilichokuwa nacho ni suruali ya baba, ya kaki, ile nzito, ambayo mama aliitunza baada ya nyingine kugawiwa. Nilimwomba. Akasema, "Chukua. Yeye mwenyewe angetaka ifanye kazi."

Nikashona kwa cherehani ya mkono, nikiiga koseti kipande kwa kipande, ila kubwa zaidi. Hapo nikakosea. Nilipomvalisha mama na kumkaza, akapiga ukelele mmoja mfupi, akawa mweupe midomoni, nikafungua haraka. Alipopata pumzi akasema, "Unataka kuniua uende chuo?" Alisema kwa utani. Mimi sikucheka, maana lilinigusa palepale nilipokuwa na kidonda.

Aliyeniokoa ni shangazi, dada yake baba, mkunga wa kijiji chetu. Hakuna mkaja uliofungwa upande ule bila mikono yake. Alikuja kumjulia hali mama, nikampa shikamoo, nikamwonyesha kazi yangu. Aliigeuza geuza, akacheka mpaka akafuta machozi. "Mwanangu, mbavu zina kosa gani? Mbona unazifunga kama zimeiba?" Akanisimamisha, akaweka viganja vyake vigumu juu ya nyonga zangu. Mkaja, akasema, unaanzia hapa chini, chini kabisa, unakaza hapa ndipo unapanda, na ukifika mbavuni unaacha. Mtu anakula, anapumua, anainama. Mgongo haubanwi, unashikwa tu.

Nikafumua tena. Safari hii nikakata yote ya juu, nikabakiza upana wa shibiri mbili. Nyuma nikapanga fito nne za yule nyangumi, mbili kila upande wa uti wa mgongo. Zile pete za shaba nikazikata pamoja na kitambaa chake nikazishonea mbele, ili mama ajifunge mwenyewe, asihitaji mtu wala kitasa cha mlango. Mfuko mmoja wa suruali uliangukia ubavuni nikauacha, kuutoa kungekula kitambaa. Kutoka kwa yule fundi wa Ulaya nilichukua mikato na fito, na kutoka kwa shangazi nikachukua mahali pa kushika. Mama alipouvaa mkanda huo ndani ya nyumba alitembea kutoka kitandani mpaka jikoni bila kushika ukuta. Nikasema, Alhamdulillahi, yamekwisha.

Yalikuwa hayajaanza. Mama alivua, akaukunja, akauweka chini ya mto, akasema nje hatoki nao.

"Kwa nini, mama?"

"Mimi ni mjane," akasema, macho yakiwa yameshageukia miguu yangu tena. "Miaka minne sina mume. Leo nionekane nimefunga mkaja? Watauliza mtoto yuko wapi, na wakishauliza hilo watauliza na baba yake."

Nikamwambia huu si mkaja, ni mkanda wa mgongo, ni mambo ya hospitali. Akasema, waeleze wao, nyumba kwa nyumba, uanze asubuhi hii. Nikamwambia auvae ndani ya gauni. Akasema umbo litaonekana, na kilichofichwa ndicho kinachosemwa zaidi. Nilibembeleza, nikanuna, nikalia. Alikuwa na haki, hilo ndilo lililoniumiza. Nilikijua kijiji chetu. Mwanamke aliyewahi kusemwa hivyo husemwa mpaka kwa wajukuu. Zilibaki siku tano. Nikaitoa barua nikaiweka juu ya meza, tayari kumwomba mwalimu mkuu aniandikie kwamba sitakwenda.

Shangazi alipopita jioni aliiona barua, akaniuliza, nikamwambia yote. Alikwenda chumbani kumuaga mama, akatoka na kikapu chake, akaondoka.

Asubuhi ya Ijumaa, siku ya shamba la kijiji, alikuwa mlangoni kabla ukungu haujapanda. "Wifi, twende," akamwambia mama. "Huendi kulima. Utakaa tu upate hewa, watu wakuone kama uko hai." Mama akatafuta fimbo. Tulikwenda polepole, mama katikati, mimi nyuma na majembe mawili. Mkanda nilijua uko chini ya mto.

Kumbe haukuwa chini ya mto. Tulipofika watu walikuwa wameshakusanyika, kiasi cha nyumba kumi nzima, na balozi ameanza kuita majina. Shangazi akamsimamisha mama mbele yao wote, akaingiza mkono kwenye kikapu, akautoa.

"Wifi, si hapa," mama akasema kwa sauti ya chini.

"Hapahapa. Inua mikono."

Akauzungusha juu ya gauni, peupe, akaanza kukaza kutoka chini, pete kwa pete, bila haraka, kama alivyowafungia nusu ya wanawake waliokuwa pale. Minong'ono ikaanza. Mama mmoja nyuma akasema, si kwa kujificha sana, kwamba haya, mjane na mkaja, tumeyaona.

Shangazi hakuacha kukaza. Akaushika ule mfuko wa ubavuni, akauvuta nje watu wauone. "Mnaujua mfuko huu? Ni suruali ya kaka yangu. Alikuwa anatia tumbaku humu, na wengine wenu mlikuwa mkimwomba. Wifi yangu alianguka na kuni, mgongo umemwuma, mume wake anamshika mgongo. Mimi ndiye dada mtu. Mwenye neno aniletee mimi."

Hapakuwa na mwenye neno. Kwetu, kama kuna mtu wa kumtuhumu mjane, wa kwanza ni wifi yake, na wifi yake ndiye huyo amepiga goti anamfunga kamba. Wa pili aseme nini? Yule mama wa nyuma akajifanya anatafuta kitu kwenye jembe lake. Balozi akakohoa, akarudi kwenye daftari.

Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya mama na yale majembe. Nikamwona anainuka, kidogo, anasikiliza mgongo wake, anainuka tena kidogo, mpaka uso wake ukawa sawasawa na wangu. Wiki tano nilikuwa nimeuona utosi wake tu. Aliniangalia kwa muda mrefu, paji, mashavu, shingo.

"Mbona umekonda hivi?" akasema.

Nilikuwa nimefikiri kwamba kwa kuwa anatazama chini haoni kitu, na kweli alikuwa hajaona, na sasa aliona yote kwa mara moja. Akanyoosha mkono akachukua jembe moja kutoka kwangu, akaliegemea.

"Gari lako ni siku gani?"

"Jumatatu, mama."

"Basi rudi nyumbani ukafue nguo zako, zipate kukauka. Jina langu leo nitaitikia mwenyewe."

Nikageuka nikaondoka kabla hajabadili mawazo. Nilikuwa nimeshafika penye miti ya miwati, njia inapoanza kushuka, nikasikia balozi analiita jina la mama, na mama akaitika. Nikakaa chini palepale kwenye tope, nikalia mpaka nikaanza kucheka.