Anatengeneza barafu asiyoruhusiwa kuitelezea

Saa kumi na mbili kasoro asubuhi, Loyce anafungua bomba la maji ya moto na kuanza kumwagia barafu, akirudi nyuma hatua kwa hatua kama anayepiga deki. Mvuke unapanda hadi kwenye turubai lililotandazwa juu ya uwanja. Nje, Guangzhou ina ubaridi wa kuvaa sweta tu. Barafu hii inagandishwa na mashine inayonguruma nyuma ya jiko.

"Maji ya baridi yanaganda na mapovu ndani," anasema bila kuinua kichwa. "Marehemu ndiye aliyenifundisha. Nilimcheka: wewe Protas, unachemsha maji ili upate barafu?"

Hapa ni nyumbani kwa balozi mdogo wa nchi moja ya kaskazini. Kila Januari, kwa Jumamosi nne, geti hufunguliwa, na yeyote aliyejiandikisha huingia kuteleza bure. Ubao wa getini unasema kwa lugha tatu: Karibuni nyote.

Wafanyakazi hawamo katika hao "nyote". Kwa miaka minane Protas, mume wa Loyce, alitandika barafu hii, tabaka thelathini kila msimu, na kuikanyaga kwa mabuti ya mpira tu. Viatu vyake vya kutelezea, alivyonunua kwa mtu, vilikaa uvunguni mwa kitanda chao, mtaani Sanyuanli.

"Jumapili akitoka kanisani anavivaa, anakaa navyo kitandani. Namwambia, baba, utatoboa godoro."

Protas alifariki Septemba kwa ugonjwa wa figo. Watanzania wa hapa walichanga, mwili ukasafirishwa hadi kwao Same. Loyce hakupewa ruhusa ya kuusindikiza. Mazishi aliyatazama kwenye simu, mtandao ukikatika.

Msimu ulipoanza Loyce alishika kazi ya mumewe, akaomba jambo moja kwa Kariuki, Mkenya anayesimamia shughuli za nyumba hiyo.

"Shem, mzunguko mmoja tu, kabla hamjafungua geti. Nivae viatu vyake."

"Nikikuachia wewe, kesho mpishi, keshokutwa dereva. Mimi pia natumwa."

"Maandazi yake ulikuwa unakula."

"Na nilimlilia, Loyce. Lakini meibanfa." Ndilo neno la wauzaji wa hapa wasipotaka kushusha bei: hakuna namna.

Saa tatu wageni wanaingia, karibu mia tatu. Wanaanguka, wanacheka, wanapigana picha. Loyce anasimama pembeni na reki.

"Mama mmoja aliniuliza kama kwetu tumewahi kuona barafu. Nikamwambia ipo mlimani, naiona nikiwa shambani. Na hiyo uliyosimama juu yake nimeitengeneza mimi."

Mwakani patawekwa sakafu ya plastiki badala ya barafu. Mkataba wa Loyce unaisha Ijumaa, siku moja kabla ya Jumamosi ya mwisho. Ofisi imeona siku hiyo haihitaji tabaka jipya, ikaokoa mshahara wa siku moja. Jumatatu anapanda ndege kurudi nyumbani.

Hakubishana. Alitoa simu, akajiandikisha kwa Jumamosi hiyo kama mtu yeyote. Amepewa namba mia mbili na kumi na nne.

"Viatu vya Protas ni vikubwa, nimejaza soksi mbele," anasema akikunja mpira wa maji. "Getini atakuwepo Kariuki na orodha yake. Nataka asome jina langu kwa sauti, halafu anikaribishe."