Faili za Balambala

Nikisema kazi yangu ni kunasa mazungumzo ya mashine na kuyaweka kwenye faili, mama yangu husema afadhali ningenasa mbuzi, maana mbuzi mtu humpeleka soko la mifugo akarudi na unga. Simlaumu. Hata chuoni Nairobi, nilikosomea mitandao ya kompyuta, wenzangu walidhani nikirudi nyumbani Garissa nitaishia kuuza laini za simu kibandani. Nilirudi, na sijauza laini hata moja. Leo nataka kujisifu kidogo. Asiyependa majigambo ya mwanamke wa Garissa na afunge ukurasa mapema.

Nilikuwa fundi wa mtandao katika mradi wa afya uliokuwa na ofisi mjini. Mradi ulipeleka mashine ya skani kwenye zahanati moja upande wa Balambala, ili mama mjamzito apigwe picha huko huko, picha isafiri kwa mtandao hadi Garissa, daktari aitazame na kujibu mama akiwa bado amelala kitandani. Katikati ya njia picha ilipita kwenye mnara mmoja, busta kama watu wanavyouita, uliomilikiwa na kampuni ya Nairobi tuliyokuwa tukiilipa kila mwezi. Kabla ya mashine hiyo, mtoto aliyekaa vibaya tumboni alijulikana siku ya uchungu, na mvua ikishanyesha barabara ile, hakuna gari linalokimbia.

Muuguzi wa zahanati alikuwa binti wa hapo hapo, rika langu, mtoto wa wafugaji. Wanawake waliokuwa hawataki hata kusikia neno kliniki walianza kuja kwa sababu yake, maana walimjua tangu akichunga kondoo. Mimi na yeye tuliitana abaayo, yaani dada, na kati yetu tulizungumza Kisomali.

Miezi ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Kisha mtandao ukaanza kukatika. Mchana picha imefika nusu, kimya. Alasiri tena, kimya. Muuguzi ananipigia, nami naikimbilia simu huku mikono inachuruzika maji, nabonyeza kwa kidole kimoja, na nikimaliza kumsikiliza mtandao umesharudi wenyewe. Niliwapigia kampuni mara nyingi hadi msichana wa mapokezi akaijua sauti yangu. Jibu lao lilikuwa lile lile: mnara uko sawa, mtu wenu ndiye anayezima vifaa.

Meneja wetu aliliamini. Alikuwa mtu wa hesabu za haraka. Alisema muuguzi anazima vifaa ili umeme wa sola umtoshe kuchaji simu za majirani, au anafunga mapema akalale. Akatangaza mbele yetu sote kwamba hali isipobadilika mwisho wa mwezi, mashine itapelekwa kituo kingine, na muuguzi atahamishiwa Kotile, upande mwingine kabisa wa kaunti, asipojua mtu na asipojulikana.

Nilimpigia muuguzi kumweleza kabla hajasikia kwa mwingine. 

"Abaayo," akasema, "wallahi sijazima. Nikienda Kotile, wanawake hawa watarudi kuzalia majumbani. Wengine watakufa."

Nilimwamini, lakini meneja hakutaka imani yangu. Alitaka kitu cha kuona. Basi nikajiambia nitampa.

Nieleze hapa kidogo, na nitajitahidi nisichoshe mtu. Mashine zinapozungumza kwenye mtandao hutumiana vipande vidogo vidogo vinavyoitwa pakiti. Kila pakiti ina anwani ya aliyeituma na ya anayepelekewa, na ikishapita imepita, haiachi alama. Ipo programu inayozinakili zikipita na kuandika wakati ilipopita kila moja. Mafundi wengi huifungua, hutazama mistari ikikimbia kwenye skrini, hutikisa kichwa kama wameelewa, kisha huifunga. Ukiwauliza kesho yake waliona nini, wanaanza kusimulia. Mimi sipendi masimulizi. Mimi huiambia programu iandike kila kitu kwenye faili, na faili hata meneja akiikasirikia haibadilishi kauli.

Jaribio la kwanza niliiacha iandike faili moja tu. Ikavimba, ikavimba, mpaka kompyuta ya ofisi ikashindwa kuifungua na karani wetu akanirushia maneno kwa sababu barua zake zilikwama. Mara ya pili niliielekeza ifunge faili kila saa moja na kuanza nyingine, kila faili na saa yake kwenye jina, na diski ikikaribia kujaa ifute zile kuukuu kwanza. Tangu hapo sikuwa na ugomvi na karani.

Lakini kunasa upande wa Garissa pekee kusingemwokoa mtu. Ningeonyesha kwamba Balambala imenyamaza, na hilo ndilo walilokuwa wakimshitakia. Ilibidi ninase pande zote mbili. Nikachukua kompyuta ndogo, isiyozidi kisosi, nikapanda gari la mradi hadi zahanati. Niliichomeka kwenye waya ule ule wa umeme uliolisha vifaa vya muuguzi, makusudi. Akizima vifaa vyake, kompyuta yangu nayo inazimika, na faili inakatika hapo hapo. Ilikuwa mtego kwa rafiki yangu, na nilimweleza wazi.

"Tega," akasema. Kisha akausogelea mlango, akausukuma ukajifunga, akauliza kwa sauti ya chini: "Lakini picha za wanawake zitaingia humo? Mimi niliwaahidi sitara. Mume wa mmoja wao alikubali kwa sharti kwamba picha ya mkewe ataiona daktari tu, basi."

Swali hilo halikuulizwa na mtu yeyote ofisini, na nilimheshimu kwa kuliuliza. Nikamwonyesha nilivyopanga: kila pakiti programu inakata mwanzo wake tu, pale penye anwani, na ndani haigusi. Ni kama mtu anayenakili maandishi ya juu ya bahasha bila kuifungua. Alisoma skrini mwenyewe, polepole, mpaka akaridhika. Ndipo akaniletea chai ya maziwa ya ngamia.

Nikaacha faili zijikusanye. Dereva wa mradi akawa ananiletea flashi kila alipotoka Balambala, nami nakaa nazo mezani, faili ya huku na faili ya kule, saa kwa saa.

La kwanza nililoona lilinifanya nicheke peke yangu. Faili za zahanati hazikukatika hata mara moja. Mtandao unapokufa, kompyuta yangu ya kule inaendelea kuandika, na ndani ya faili vifaa vya muuguzi vinaonekana vinaita: uko wapi, uko wapi, uko wapi. Hakuna anayejibu. Zaidi ya hayo, mtandao ulikatika hata alfajiri, zahanati ikiwa na kufuli na muuguzi yuko kwao. Muuguzi alikuwa safi. Kwa kumtetea yeye, hapo ningeweza kusimama.

Sikusimama, kwa sababu meneja angeuliza: sasa ni nani? Na picha zingeendelea kukatika. Nikapanga nyakati za kukatika, nazo zilikuwa zinasogea. Leo dakika hizi, wiki ijayo zimesogea kidogo. Injinia wa kampuni, nilipomtajia kwenye simu, alisema hitilafu za namna hiyo hazina mpangilio, labda ni joto la kwetu.

Siku iliyofuata nilikuwa natazama mistari ikipita moja kwa moja. Msikiti wa jirani ukaanza adhana ya adhuhuri. Nikainuka kwenda kutawadha kama kawaida, na nilipogeuka kuchukua mtandio nikaona skrini imesimama. Simu ikalia. Muuguzi. Nikaitazama mikono yangu, ambayo safari hii ilikuwa bado mikavu, na nikakumbuka maji yale yote niliyowahi kuidondoshea simu. Nikarudi kwenye kiti nikafungua faili za wiki nzima. Kukatika mara tano kwa siku. Kurefu kuliko kote kulikuwa Ijumaa mchana, pengo la kutosha hotuba na sala. Mtu wa Nairobi angezikodolea macho faili zile mwaka mzima. Mimi nilizisoma kwa miguu yangu iliyozoea kuinuka saa hizo tangu utotoni. Nilijivuna, nasema kweli, nilijivuna mpaka nikasali nikitabasamu.

Niliwatumia kampuni faili za pande zote mbili, nikawaandikia waangalie nini na wapi. Injinia akanipigia mwenyewe.

"Hizi umenasa wewe?"

"Mimi."

"Nakuja," akasema. Na alikuja, na kwa hilo namshukuru, kwa sababu wengine hutuma salamu tu.

Tulikwenda naye mnarani. Pale kuna kijiji kidogo kilichojengeka kuuzunguka, msikiti wa mabati, na mlinzi wa mnara, mzee mmoja mwenye ndevu za hina, ambaye kazi yake nyingine ni kuwasha na kuzima jenereta. Injinia alimuuliza moja kwa moja kama anazima jenereta ili auze mafuta. Mzee akapandwa na hasira, na kwa lafudhi yake ya Kisomali kila p ikawa b na kila z ikawa s.

"Mimi hapana iba diseli, injinia! Diseli iko, bima mwenyewe. Mimi nasima jenereta saa ya adhan. Msikiti hii hakuna sbika, mtu naita kwa mdomo. Jenereta nabiga kelele, watu hapana sikia. Wakisali kwisha, mimi nawasha."

"Kila siku, mzee?"

"Kila siku, alhamdulillah. Kambuni yako nasema jenereta ikisimwa, bataree itabeba busta. Sasa kosa yangu iko wabi?"

Injinia akanitazama, nami nikatazama pembeni ili asione ninavyocheka. Akafungua kabati la betri, akazipima moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa zimekufa, hazingebeba hata redio. Zamani zilipokuwa hai, mzee alizima, betri zikabeba, na hakuna aliyejua. Zilipokufa, alizima, na picha za akina mama zikafia hewani. Nairobi walikuta mnara uko hewani saa walizoangalia, wakaridhika.

"Endelea kuzima, adeer," nikamwambia mzee, nikimwita ami kwa Kisomali. "Makosa si yako."

Injinia hakupinga. Aliandika kwa wakubwa wake pale pale, akiwa ameegemea gari, na betri mpya zikaja.

Kwa meneja hata hivyo mambo hayakuwa yameisha. Alizitazama faili zangu, akazungusha kalamu, akasema ataamini akiona picha imefika mchana kwa macho yake. Uhamisho wa muuguzi ulikuwa bado mezani kwake, unangoja sahihi. Tukakubaliana: yeye atakaa karibu na daktari Garissa, mimi nitakaa Balambala.

Siku hiyo kulikuwa na mama mmoja kutoka mbali, mimba yake ya kwanza, amefunga mdomo wake kwa woga. Muuguzi alikuwa akimsemesha taratibu huku akimpaka jeli tumboni. Alinigeukia mara moja tu, na uso wake ulikuwa umekauka.

"Abaayo, adhana imekaribia. Ningoje?"

"Usingoje," nikasema. Najua mashine, lakini najua pia kwamba betri mpya ni betri tu.

Mwadhini wa Balambala akaanza. Nikajua kule njiani mzee ameshika swichi ya jenereta. Nikaikazia macho skrini yangu, mistari ile ya pakiti, na nikasubiri isimame kama ilivyosimama siku zote. Ilisita. Nadhani ni mimi niliyesita. Ikaendelea, mstari juu ya mstari, picha ya mtoto wa watu ikisafiri vipande vipande kuelekea Garissa, na faili ya saa hiyo ikawa inakua mbele ya macho yangu. Adhana haijaisha, jibu la daktari likaingia: mtoto amekaa vizuri, moyo unapiga vizuri. Muuguzi akamsomea mama yule, na mama akafungua mdomo kwa mara ya kwanza, akacheka na kulia pamoja.

Nililia nami. Sioni haya kusema. Nilikuwa nimejivunia mambo mengi maishani, shahada, mshahara, hata viatu, lakini sijawahi kujivuna kama nilivyojivunia mistari ile.

Simu yangu ikalia. Meneja. Sauti yake ilikuwa laini kama ya mtu anayeomba mkopo. Alitaka azungumze na muuguzi mwenyewe, amwambie hahamishwi, na amwombe radhi. Nikamnyooshea muuguzi simu. Hakuipokea. Alikuwa ameinama anamfuta mama yule jeli tumboni kwa kitambaa, na mlangoni mwanamke mwingine alikuwa ameshavua viatu.

"Mwambie apige baadaye," akasema. "Nina wagonjwa."