Vioo Visivyo na Jina

Rhonda Noske alijipatia mkate wake katika maabara moja mjini Adelaide kwa kukata ubongo wa marehemu. Alikuwa akiukata vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu, anavibandika kwenye vioo vidogo vya hadubini, kisha anavitilia kingamwili. Kingamwili yenyewe waliinunua kwa kampuni iliyoitoa kwenye damu ya sungura mmoja. Sungura hudungwa kimeng'enya, kichocheo kinachopunguza kolesteroli ubongoni, damu yake ikakichukia, ikaunda askari wa kukisaka. Askari hao wakimwagwa juu ya kipande cha ubongo hukikamata kimeng'enya palepale kilipo, na rangi ya kahawia huonyesha mahali. Wakubwa wa maabara walitaka kujua kama kimeng'enya hicho hupungua kwa wazee wanaopotewa na akili.

Mama yake, Elfreda, alikuwa mmoja wa wazee hao. Kabla hajamsahau mumewe, aliagiza kwamba akifa ubongo wake upelekwe maabara. Mzee Clem, mumewe, mkulima wa machungwa huko Loxton, aliwaka moto.

"Nimzike mke wangu nusu? Kwani huyu kondoo?"

Rhonda ndiye aliyembembeleza. "Baba, ubongo wake utamfaa mtu. Nakuahidi." Kwa ahadi hiyo mzee akanywea. Lakini tangu mazishi, kila Jumapili alipopiga simu, wakishamaliza habari za mvua na za mpira, swali lilikuwa lilelile: "Wamefika kwa mama yako?" Alitaka kujua kama ubongo wake umeshapimwa.

Shida ni kwamba maabarani marehemu hana jina. Ana namba, na anayejua namba ipi ni ya nani ni mtu mmoja tu, Gavin Liddicoat, mtunza akiba ya ubongo. Anayetia rangi hatakiwi kujua anamtilia nani, macho yake yasije yakaona yanachotaka kuona. Ni sheria nzuri, sina ugomvi nayo. Ila sheria nzuri nayo ina meno.

Basi yule sungura aliyetoa damu akafa. Kampuni ikaleta kichupa kipya, jina lilelile, kibandiko kilekile, sungura mwingine. Rhonda alipokijaribu, kioo kizima kiligeuka kahawia, penye kimeng'enya na pasipo, kama kitambaa kilichomwagikiwa chai. Mkubwa wake, Dokta Ferrier, alilalamika hadi sauti ikamkauka. Kampuni ikajibu kwa adabu kwamba kila sungura na damu yake. Kweli, utamfanya nini sungura? Huwezi kumfundisha wala kumkaripia. Kazi ya miaka, na wazee wote wale waliojitoa, ilikuwa imening'inia kwenye damu ya mnyama mmoja wa kufugwa, naye kaenda zake.

Kingamwili ya zamani ilibaki kidogo chini ya kichupa. Ingetosha baadhi ya vioo vya trei ya mwisho. Vingine vingengoja sungura ambaye pengine hatazaliwa. Rhonda akamfuata Gavin chumba cha chai.

"Gav, nina neno."

"Ukija na uso huo najua hukufuata biskuti."

"Mama yangu yumo kwenye trei hii?"

Gavin akaacha kutafuna. "Rhonda, usinifanyie hivyo."

"Sitaki namba. Niambie tu, yuko mwanzoni au mwishoni?"

"Nikikwambia, kioo chake kinatupwa. Utakuwa umemtoa kwenye utafiti kwa mkono wako mwenyewe."

"Na nisipojua, huenda asifikiwe kabisa."

"Huenda." Gavin akatazama kikombe chake. "Pole, dada yangu. Pole sana, kweli tena."

Hakuwa na pa kushitaki. Alifikiria kuizimua ile kingamwili ifike kwa wote, lakini akiizimua wote wangefifia, na kioo kilichofifia hakimsaidii mtu. Akaanza na namba ya kwanza, akafuata mpangilio. Alitaka kuomba, akashindwa aombe nini, maana kumwombea mama yake nafasi ilikuwa ni kumwombea mama wa mwenzake akose. Katikati ya trei kichupa kikakauka. Vioo vilivyobaki akavirudisha kwenye sanduku lao, akafunga kifuniko, akasimama pale hajui aende wapi.

Jumapili simu ikalia.

"Huko mmepata mvua?" akauliza Mzee Clem.

"Manyunyu tu, baba."

"Afadhali nyie. Wamefika kwa mama yako?"

Angeweza kumdanganya, na nadhani wengi wetu tungemdanganya.

"Sijui, baba."

"Hujui vipi? Si ndiyo kazi yako hiyo?"

"Hawana majina. Wengine nimewafikia, wengine dawa imewaishia. Yule sungura alikufa."

"Sungura?"

"Ndiyo, baba. Sungura."

Mzee akavuta kiti, Rhonda akakisikia kikikwaruza sakafu.

"Mimi nikiwa kule kwenye michungwa, akikohoa jikoni, nilijua ni yeye," akasema taratibu, bila hasira. "Wewe umemshika mkononi, mwanangu, usimjue?"

Rhonda akaangua kilio. Mzee hakukata simu. Akaketi na simu sikioni, akimsikiliza bintiye akilia.